Kijani ni Ethi

Baba yangu alichomoa fyuzi ya amplifaya yangu, akaitia kwenye mfuko wa shati na kuufunga kwa kifungo. Ilikuwa Alhamisi jioni, na Jumamosi saa nane mchana nilitakiwa kupiga gitaa mbele ya watu ambao hawangenipa nafasi nyingine. Nataka mjue hilo kabla sijaendelea, ili mkisikia nilivyomjibu msije mkasema sikulelewa. Nimelelewa vizuri tu. Wiki ile malezi niliyaweka pembeni.

Baba watu wanamwita Ethi. Mafundi wenzake walimpa jina hilo kiwandani, likamfuata mpaka mtaani, na sasa hata watoto wa jirani wanamwamkia, "Shikamoo Mzee Ethi." Ethi ni ule waya wa kijani unaoshuka ardhini. Kazi yake ni moja, kuukamata umeme uliopotea njia na kuupeleka chini kabla haujamkamata mtu. Baba amekuwa fundi umeme miaka thelathini na minne, na kwake waya ule ni dini. Hawezi kuingia nyumba ya watu akakaa kama binadamu wengine. Siku ya kwanza tulipokwenda kwa wakwe wa dada yangu, hata maji ya kunywa hatujaletewa, akaomba bisibisi afungue soketi. Mama alitamani ardhi ipasuke immeze. Baba mkwe akadhani ni utani, akacheka sana. Baba akamsubiri amalize kucheka, akaomba tena.

Nyumbani kwetu kuna chumba cha nyuma, yeye anakiita karakana. Mna meza moja yenye mguu unaocheza, makopo ya vipande vya waya vilivyopangwa kwa rangi, na vifaa vyake vimetundikwa kwenye misumari, kila kimoja kimechorewa umbo lake ukutani ili ukikitoa ajue. Msumari wa mwisho ni wa mita, ile ya kupimia umeme, yenye mfuko wa ngozi na mkanda wa kuvaa shingoni. Mita haiguswi na mtu. Juu ya vyote kuna kipande cha ubao alichokiandika mwenyewe kwa rangi ya kijani, herufi kubwa: KIJANI NI ETHI. Nimekua nikikisoma kibao hicho kila siku, kama wengine walivyokua wakisoma kalenda.

Mimi napiga gitaa. Mchana niko kwenye duka la kuchapa, nakata kadi na kufunga vitabu vya risiti, lakini ukiniuliza mimi ni nani nitakwambia ni mpiga gitaa. Nimepiga kwenye harusi, kwenye mahafali, kwenye ufunguzi wa duka la magodoro. Kila bendi ikinisikia inasema huyu dada anajua, halafu inamchukua mwanamume. Nimeambiwa safari zao ni ndefu, nimeambiwa sare zao ni za kiume, na kuna mmoja aliniambia bila haya kwamba nitaolewa niache. Nina miaka thelathini na mmoja. Huyo wa kunioa bado ananitafuta, na gitaa sijaliacha.

Mwaka huu bendi moja ikapungukiwa mtu na kiongozi wao akaniita mazoezini. Tunamwita Suti, kwa sababu hata kwenye joto la kumtoa mtu jasho akiwa amekaa, yeye ana koti na tai. Nilipiga wiki mbili nao, nikaona kabisa kwamba naelekea kuchukuliwa, na hapo hapo pikapu kuu kati ya mbili za gitaa langu ikafa. Sisemi gari la kubebea mchanga. Pikapu ni kidude chenye sumaku kinachokaa chini ya nyuzi na kuzisikiliza zikitikisika. Kisipofanya kazi, gitaa la umeme ni ubao tu wenye kamba.

Fundi redio anayenifanyiaga kazi hizo alikuwa amesafiri, kibanda kimefungwa kwa kufuli mbili. Nikanunua pikapu mpya, yenye kifuniko cha chuma kinachong'aa, nikasema nitaifunga mwenyewe. Kosa langu ni kulisema hilo baba akiwa anasikia.

"Wewe na chuma cha kulehemu mtauana," akasema. "Lete hapa."

Tukaketi karakana Jumatano ile mimi na yeye. Pikapu ilikuwa na nyaya mbili, mmoja mweupe, mmoja wa kijani. Ndani ya boksi mlikuwa na kikaratasi cha maelekezo. Nikamwambia, "Baba, humu wameandika jinsi ya kufunga." Akakichukua, akakikunja mara nne, akainama na kukisukuma chini ya ule mguu wa meza unaocheza. Meza ikatulia.

"Waya mbili tu," akasema. "Unataka mimi nisomeshwe?"

Wa kijani akaupeleka kwenye ardhi, nyuma ya kitufe cha sauti, pale nyaya zote za ardhi za gitaa zinapokutana. Mweupe akaupeleka kwenye njia ya sauti. Alilehemu kwa ufundi, siwezi kumnyima haki yake, kila tone la risasi iliyoyeyushwa lilikaa mahali pake na kung'aa. Amplifaya yangu nilikuwa nimeiacha ukumbini kwa kina Suti, kwa hiyo hatukujaribu. Nilimshukuru. Nikambusu hata kichwani, na nikikumbuka busu hilo nakasirika upya.

Alhamisi saa saba mchana nikachomeka gitaa mazoezini, na likavuma. Mvumo mdogo kila gitaa la aina ile linao, nimeuzoea. Huu ulikuwa wa mashine ya kusaga. Nikalaza kiganja kwenye nyuzi, ukapungua kidogo. Kidole kilipogusa kile kifuniko cha chuma, ukanguruma mpaka mpiga besi akaziba masikio. Nikabadilisha swichi ili pikapu mbili zifanye kazi pamoja, ya zamani na mpya, sauti ikatoka nyembamba, imekauka, kama mtu anaongea akiwa amebanwa pua. Nilisimama pale nimeshika kitu kinachonguruma mbele ya wanaume sita.

Suti akanyoosha tai yake. "Dada yangu, hapa tunapiga muziki, hatusagi unga."

"Ni pikapu mpya. Nitarekebisha."

"Jumamosi saa nane nasikiliza watu wawili, wewe na kijana mmoja. Ukija na hiyo mashine yako, usijisumbue kupanda jukwaani."

Kijana huyo, niliambiwa na mpiga ngoma wakati nafunga virago, ni mtoto wa dada yake Suti. Nikabeba amplifaya begani mpaka nyumbani, kilo zaidi ya kumi, na njia nzima nilikuwa naongea peke yangu. Watu walinipisha.

Nikamweleza baba. Hakukataa kusaidia, hilo halikuwa tatizo lake kamwe. Tatizo ni kwamba alisaidia kila kitu isipokuwa kile alichokifunga yeye. Tulianza na waya wa kuchomekea, tukabadilisha, gitaa likavuma. Akazima taa ya tyubu, likavuma. Akachomoa friji, mama akalalamika, likavuma. Akatoka akaenda kwa kinyozi wa jirani kumwambia azime mashine kwa sababu inaingiza kelele kwenye umeme wa nyumba yetu, na kinyozi kwa heshima akazima, akabaki na mteja aliyenyolewa upande mmoja. Gitaa likaendelea kuvuma.

"Basi ni ethi ya nyumba," baba akasema. "Udongo umekauka." Akachukua ndoo tatu za maji, akazimwaga nyuma ya nyumba pale kilipofukiwa chuma cha ethi.

"Hayo maji nilichota ya kufulia," mama akasema dirishani.

"Utafua kesho ukiwa hai," baba akamjibu.

Tukarudi ndani. Nikawasha, likavuma vilevile. Nikamwambia tatizo liko ndani ya gitaa, haliko kwenye friji wala kwa kinyozi wala kwenye udongo, na ili nimwonyeshe nikaweka kidole kwenye kifuniko cha pikapu. Likanguruma. Ndipo uso wake ulipobadilika. Ulimtoka ule ukali wote na kitu kingine kikaingia, na mimi kwa hasira zangu sikujisumbua kukisoma.

"Toa mkono," akasema.

"Baba, sikiliza kwanza."

"Toa mkono kwenye chuma." Akang'oa plagi ukutani. "Mtu akigusa chuma na kitu kikalia, kuna umeme kwenye chuma."

"Huu si umeme wa kuua mtu. Pikapu haitoi hata wa kumshtua sisimizi."

Akafungua plagi kwa bisibisi, akatoa fyuzi, akaitia mfukoni. Nikamfuata mpaka barazani nikimwambia hilo gitaa ni langu, amplifaya ni yangu, na Jumamosi ni yangu. Akawasha redio, akaongeza sauti.

Ijumaa mchana nilitoka kazini kwa ruhusa ya nusu saa, nikanunua fyuzi nyingine, nikarudi nyumbani nikinyata kama mwizi kwenye nyumba niliyozaliwa. Nikakuta amekata plagi yote kwa koleo. Waya wa amplifaya ulikuwa umelala sakafuni umekatwa sawasawa, na ncha zake amezifunga utepe, maana hata akiharibu anaharibu kwa usalama. Nikapiga teke mguu wa meza ya karakana kwa nguvu zangu zote, meza ikayumba, makopo mawili yakaanguka, na kile kikaratasi kikachomoka.

Nikakikunjua. Kulikuwa na mchoro wa pikapu na maneno machache. Waya wa kijani: sauti. Waya mweupe: ardhi, umeunganishwa na kifuniko.

Nilikisoma mara tatu. Kwa hiyo alizifunga kinyume. Kile kifuniko cha chuma, ambacho kazi yake ni kukinga kelele na kuzipeleka ardhini, yeye alikuwa amekiunganisha kwenye njia ya sauti, kikawa kinakusanya kila uchafu wa umeme uliomo nyumbani, pamoja na ule wa mwili wangu nikikigusa, na kuumwaga ndani ya amplifaya. Na maelekezo yalikuwepo tangu Jumatano, yamekaliwa na meza.

Sasa, kabla sijawaambia nilichofanya, lazima niwaambie habari za mjomba.

Mama alikuwa na mdogo wake wa mwisho, ambaye alimlea mwenyewe baada ya bibi kufariki. Alipomaliza shule baba akamchukua kiwandani, kiwanda cha kukamua mafuta, awe msaidizi wake. Alikuwa mcheshi, mrefu, anapiga miluzi hata akila. Baba alimfundisha kazi, na somo la kwanza lilikuwa lile lile alilotufundisha sisi watoto tukiwa wadogo: wa kijani haukuumi. Nyaya nyingine ziogope, wa kijani ni rafiki. Siku moja fundi wa zamu nyingine aliishiwa waya wa rangi inayotakiwa, akavuta wa kijani, akaupitishia umeme wa moto, akafunika sanduku akaenda zake kwao. Asubuhi mjomba akalifungua lile sanduku. Wa kijani ulikuwa umemzibia njia, akausogeza kwa vidole. Alikuwa na miaka ishirini na minne.

Hiyo ni miaka kumi na tisa iliyopita. Nyumbani kwetu habari hii ina mkosaji mmoja, yule fundi wa zamu nyingine, na mama amemlaani usiku na mchana tangu siku hiyo. Baba aliandika kile kibao wiki moja baada ya maziko. Mengine niliyaunganisha mwenyewe nikiwa mkubwa, kutokana na neno moja moja kwa mafundi waliokuja kumwona, kwamba siku ile baba alikuwa amesimama hatua mbili nyuma yake, na mita shingoni. Nilikuwa nalijua na sikuwahi kulisema.

Baba akaingia kwa ule mshindo wa makopo. Nikamwekea kikaratasi usoni.

Akakisoma kwa kukiweka mbali, kwa kuwa miwani hakuwa nayo. "Wamekosea kuchapa," akasema.

"Mimi nachapa kila siku, baba. Hawa hawakukosea."

"Kijani ni ethi."

Nikafanya jambo ambalo halikuwahi kufanywa kwenye nyumba ile. Nikaishusha mita kutoka kwenye msumari wake. Alifungua mdomo, nami sikumpa nafasi. Gitaa lilikuwa mezani, mgongo wazi. Nikaweka ncha moja kwenye kifuniko na nyingine kwenye waya mweupe, mita ikalia. Nikahamisha kwenye wa kijani, ikanyamaza. Nikarudia, ikalia, ikanyamaza.

"Umesikia?"

"Betri imekwisha hiyo."

"Ingekuwa imekwisha isingelia kabisa."

"Kijani," akasema, na sauti yake sasa ilikuwa ya mtu anayeng'ang'ania mlango usifunguliwe, "ni ethi."

Nilikuwa nimeshika mita yake. Nilikuwa nimebakiza siku moja. Miaka yote ya kuambiwa sare ni za kiume ilimwangukia yeye.

"Hata mjomba ulimwambia hivyohivyo," nikasema. "Akaamini rangi. Akafa na mita umevaa wewe."

Baba aliangalia mita mkononi mwangu, akaangalia nyuma yangu. Nikageuka. Mama alikuwa amesimama mlangoni na beseni la nguo, zile alizokwisha kufua, na sijui alikuwa hapo tangu lini. Baba akampita ubavuni akatoka, hata viatu hakuvaa.

Mama akaweka beseni chini. Nilidhani atanizaba kofi, na ningelipokea.

"Alimwambia nini?" akaniuliza.

"Mama, nilikuwa na hasira tu."

"Nimekuuliza alimwambia nini."

Nikamwambia. Kwamba wa kijani haukuumi. Kwamba baba alikuwa nyuma yake. Alisikiliza mpaka mwisho, akaliokota beseni, akaenda kuanika. Alianika nguo zote, akaziweka vibanio, halafu akazianua moja moja zikiwa zimelowa chepechepe na kuanza kuzianika upya.

Jumamosi niliamka nimeshakata tamaa, na bado nina hasira, ingawa sasa sikujua ni za nani. Saa mbili asubuhi nikasikia baba ananiita karakana. Nilimkuta amekaa, gitaa mbele yake, miwani puani. Plagi ya amplifaya alikuwa ameirudisha. Kile kikaratasi alikuwa amekinyoosha na kukibana kwa koleo kisijikunje.

"Pima tena," akasema, akanisogezea mita. "Nataka nione."

Nikapima. Ikalia kwenye mweupe, ikanyamaza kwenye wa kijani. Akatikisa kichwa kukubali, akashika chuma cha kulehemu na kuzibandua nyaya zote mbili. Mweupe akaupeleka ardhini, haraka, bila taabu. Wa kijani akaushika kwa ncha ya koleo, akausogeza kuelekea kwenye njia ya sauti, na mkono ukamkataa. Nilimwona. Akaurudisha, akaupeleka tena, akaurudisha. Nilitaka kumwambia lete nifanye mimi, nikanyamaza, kwa sababu kwa mara ya kwanza wiki ile niliona kwamba sikuwa najua kila kitu.

Akauweka waya chini. Akafungua droo, akatoa utepe mwekundu ambao mafundi huzungushia waya wa moto, akakata kipande kidogo na kuuzungushia ule wa kijani. Mzunguko mmoja, wa pili, wa tatu, mpaka kijani kikapotea.

"Atakayefungua baada yako asidanganyike," akasema. Kisha akaulehemu.

Mama alikuwa ameingia na vikombe viwili vya chai. Baba hakugeuka. Alimwambia huku anapuliza risasi ipoe.

"Mimi ndiye niliyemwambia wa kijani haukuumi. Mita nilikuwa nayo. Sikumpa, niliona atachelewesha kazi."

Mama alisimama. Mvuke ulikuwa unapanda kwenye vikombe.

"Miaka kumi na tisa," akasema, "namlaani mtoto wa watu."

"Naye alikosea."

"Sijakuuliza yeye."

"Ndiyo," baba akasema.

Nilidhani mama atalia au atapiga kelele. Alitamka kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya kumwagiza mtu dukani. "Malizia gitaa la mtoto. Saa zinakwenda." Akaweka kikombe kimoja mbele yangu, akaondoka na cha pili.

Baba akafungua kifungo cha mfuko wa shati, akatoa fyuzi, akairudisha kwenye plagi. Nikataka kuchukua gitaa, akanizuia kwa kiwiko. "Rudi nyuma," akasema. "Hatua mbili." Nikarudi. Akawasha amplifaya, akapandisha sauti mpaka mwisho, akalaza kiganja chake chote juu ya nyuzi na kifuniko cha chuma, kwa nguvu, akafumba macho.

Hakikulia kitu. Kulikuwa na pumzi ndogo tu ya amplifaya, ile ya siku zote, na mashine ya kinyozi upande wa pili wa ukuta. Baba hakutoa mkono. Niliinywa chai yangu ikaisha, na mkono wake ulikuwa bado pale.

Saa nane nikapanda jukwaani. Mtoto wa dada yake Suti alikuwa ameshapiga, na alipiga vizuri, sitamsingizia. Nikachomeka. Wote walikuwa wanasubiri ule mngurumo, mpiga besi ameshaandaa vidole vya kuziba masikio. Palikuwa kimya. Suti akashuka kwenye kiti chake, akaja mwenyewe na koti lake, akaweka kidole kwenye kifuniko cha pikapu. Akakiondoa, akakiweka tena.

"Nani kakutengenezea?"

"Tumetengeneza nyumbani."

Nikapiga. Nilipiga kwa hasira zote za wiki ile, za baba, za mama, za mimi mwenyewe na mdomo wangu, na hasira ikipita kwenye nyuzi safi inatoka na heshima zake. Nilipomaliza Suti alikuwa ameilegeza tai. "Jumanne saa kumi," akasema. "Na usichelewe, sipendi mtu wa kuchelewa." Mpwa wake alinipa mkono. Nikaupokea.

Nyumbani nilimkuta mama jikoni. Nikamwambia nimepata. Akanikumbatia, mikono yake ina unga, akanishikilia kwa muda mrefu kuliko habari yenyewe ilivyohitaji. Halafu akasema, "Kamwambie baba yako chakula kipo." Alikuwa hatua kumi kutoka kwake. Aliendelea kumwagiza hivyo kupitia kwangu wiki tano, na sikumlaumu.

Karakana kile kibao hakikuwepo juu ya vifaa. Ukutani palibaki doa safi la umbo lake na misumari miwili. Baba alikuwa amekaa mezani, mita shingoni, hafanyi lolote.

"Wamekuchukua?"

"Wamenichukua. Naanza Jumanne."

"Soketi za ukumbi wao zina ethi?"

"Sijui, baba. Nitaangalia waya wake."

"Usiangalie," akasema.

Akasimama. Akauvua mkanda wa mita shingoni mwake, akanivisha mimi, akaurekebisha kwenye ukosi wa gauni kama mtu anayemvisha mtoto sare ya shule. Ngozi ya mkanda ilikuwa na joto la shingo yake.

"Upime," akasema. "Kabla hujagusa kitu chochote, upime."